Mwenye njaa mwenye miiko: ubongo wa kijana mwenye shida ya ulaji unapokiona chakula

#1 SumakuKubwa (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, maana nauandika usiku baada ya kazi. Wenye watoto wa kati ya miaka 11 na 19 naomba msiishie njiani.

Kazi yangu ni kuendesha mashine ya MRI. Mwaka wa 11 huu nalaza watu ndani ya sumaku ile, nawaambia wasitikisike, napiga picha za vichwa vyao. Na bado nilishindwa kukielewa kichwa kilichokuwa kinakaa mbele yangu mezani kila jioni.

Namlea binti wa marehemu dada yangu. Alipokuwa na miaka 14 alianza kupunguza chakula, kidogo leo, kidogo kesho. Mwanzoni watu walimsifu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Miezi michache baadaye akawa anakata chakula vipande vidogo kama punje, anavisogeza huku na huku hadi vipoe, halafu anaomba ruhusa anaondoka. Cha ajabu, wakati huohuo ndipo alipoanza kupenda jiko. Anapikia nyumba nzima, anaoka keki, usiku namkuta amelala na kitabu cha mapishi kifuani. Anakaa anatutazama tukila, anafuatilia kila kijiko kinavyopanda, na yeye haonji hata kidogo.

Nilimgombeza. Nilimbembeleza. Nilimwambia amkumbuke mama yake, na hilo sijajisamehe.

Daktari wa magonjwa ya akili aliyetupokea alitupa jina, anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kula na kunenepa, kisha akaniuliza swali lililozaa uzi huu: "Ukiweka sahani mbele yake, unadhani anaona unachokiona wewe?"

#2 SumakuKubwa

Kwanza ubongo usio na shida.

Watafiti wanazungumzia ishara za chakula, yaani chochote kinachoutangazia ubongo kwamba chakula kiko karibu. Picha, harufu, mlio wa vijiko, mshale wa saa ukikaribia muda wa kula, hata mlango wa jokofu ukifunguliwa. Mbwa wa Pavlov, yule Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, walitokwa mate kwa kusikia tu sauti waliyoizoea kabla ya kulishwa. Sisi tuko vilevile. Ukiona chakula, mate yanajaa, tumbo linaanza kutoa asidi, kongosho linaachia insulini kidogo hata kabla hujatia kitu mdomoni. Mwili unajiandaa kama nyumba inayosubiri mgeni.

Kichwani kazi imegawanywa. Chini, katikati ya ubongo, kuna haipothalamasi, kipande kidogo kuliko ncha ya kidole gumba. Hiki kinasoma barua za mwili, yaani homoni: ghrelini kutoka tumboni ikisema tumbo tupu, leptini kutoka kwenye mafuta ikisema akiba ipo au imepungua. Juu yake kuna striatamu, mahali ambapo dopamini, kemikali ya ubongo, inasukuma mtu: nenda, kachukue. Ubavuni, ndani ya mkunjo, kuna insula, inayopokea ladha na pia kusikiliza hali ya ndani ya mwili, mapigo ya moyo, tumbo kujaa, kichefuchefu. Amigdala inatia alama ya uzito kwenye kila kinachoonekana, hasa cha hatari. Nyuma ya paji la uso kuna gamba la mbele, linalopima faida na hasara na kushika breki.

Ukiwa na njaa, picha ya keki inaziamsha sehemu hizi kwa nguvu. Ukishiba, picha ileile inapita tu.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu tunatofautisha hamu na utamu. Kent Berridge, mtafiti wa Marekani, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba ubongo nao unavitofautisha: dopamini hubeba hamu, wakati utamu wenyewe una njia zake nyingine. Mtu anaweza kuvutwa na kitu asichokifurahia. Anaweza pia kukitamani kitu na asikifuate.

Na yote haya huanza ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla mtu hajaamua lolote. Macho hayana pazia.

#3 Mzee_Kifimbo

Binti, unaandika vizuri lakini mnalea kwa vitabu mno. Wahenga walishasema, mwenye njaa hana miiko. Mwache siku mbili tatu, tumbo litamfundisha. Mtoto akibanwa na njaa atakula mwenyewe bila mashine.

#4 SumakuKubwa

Shikamoo mzee wangu. Methali hiyo nimelelewa nayo na ndiyo iliyonichelewesha kumpeleka mtoto kwa wataalamu. Nilisubiri tumbo lifundishe.

Ugonjwa huu ndio mahali methali hiyo inapokatika. Watoto hawa wana njaa na wana miiko. Damu ya wagonjwa wa anoreksia ikipimwa, ghrelini hukutwa iko juu na leptini iko chini, yaani mwili unapiga kelele kwamba hauna kitu. Barua ya njaa inatumwa. Tatizo liko kwa anayeipokea.

Kuna mtaalamu wa magonjwa ya akili anaitwa Guido Frank, anafanya kazi Marekani. Yeye na wenzake huwalaza washiriki ndani ya MRI wakiwa na mrija mwembamba mdomoni. Linaonyeshwa umbo la rangi fulani, yanafuata matone ya maji ya sukari. Linaonyeshwa umbo jingine, hakuna kinachofuata. Ubongo ukishajifunza mpangilio huo, wanauvunja: umbo la sukari linakuja na sukari haiji, au sukari inakuja wakati hakuna aliyeitarajia. Wanachopima ni mshtuko wa ubongo, ile tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, ambayo dopamini ndiyo huiandika.

Katika utafiti wao wa mwaka 2018 kwa wabalehe na vijana wenye anoreksia, mshtuko huo ulikuwa mkubwa kuliko wa wenzao wenye afya. Mimi ningedhani kinyume. Ningedhani mtoto asiyekula amezima, chakula hakimgusi. Kumbe ubongo uliokaa na njaa umekuwa mwepesi kupita kiasi, tone dogo la sukari ni tukio zima.

Mwaka 2021 wakatoa utafiti mkubwa zaidi, wanawake vijana 197 wenye shida mbalimbali za ulaji na 120 wasio nazo. Kwa wasio na shida, mawasiliano yalitoka haipothalamasi kwenda striatamu: njaa inatuma, hamu inatii. Kwa wenye shida mwelekeo ulikuwa umegeuka, striatamu ndiyo inaipa haipothalamasi amri. Tafsiri ya watafiti ni kwamba mgeuko huo unaweza kumsaidia mtu kuipuuza njaa ambayo mwili wake unaitangaza. Mzee, nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Nilikuwa namwita mkaidi.

Kingine ni cha zamani zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea badala ya kwenda vitani, akawapunguzia chakula kwa miezi 6 ili dunia ijue namna ya kuwalisha watu walioathiriwa na njaa ya vita. Hawa hawakuwa mabinti wa miaka 14, wala hakuna aliyekuwa anataka kupungua. Lakini wakaanza kuzungumzia chakula mchana kutwa. Wakakiota. Wakachezea chakula chao mezani ili kisiishe haraka. Baadhi wakawa wanasoma vitabu vya mapishi na kukusanya mapishi, watu ambao kabla ya hapo mambo ya jikoni hayakuwahusu.

Nilipofika kwenye vile vitabu vya mapishi nilifunga nilichokuwa nasoma, nikaenda jikoni nikakaa sakafuni. Zile keki zote alizotuokea zilikuwa njaa.

#5 Kimya17

Nina miaka 17, sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu.

Watu wanasema sisi hatusikii njaa. Mimi naisikia. Ila chakula kikiletwa ni kama mtu ameweka nyoka mezani halafu kila mmoja ananiambia mshike, mbona wenzako wanamshika. Moyo unaenda mbio, mikono inapoa. Nikisema sili, moyo unatulia hapohapo. Hicho kitulizo ndicho kinachonirudisha kule kila siku. Hata sio uzito tena, nilishasahau ilianzaje.

SumakuKubwa, hilo wamelipiga picha au niko peke yangu?

#6 SumakuKubwa

Mwanangu, hauko peke yako, na umeeleza kwa mistari mitano kitu kilichonichukua mimi mwaka kukielewa.

Hofu yako ni ya kweli kwa maana ya mwili. Ile insula niliyosema inasikiliza mapigo ya moyo na tumbo ndiyo hiyohiyo inayopokea ladha. Kwa hiyo kwa mtu aliyejifunza kuogopa kula, ladha na hofu vinakutana chumba kimoja. Tafiti nyingi za picha za chakula kwa wenye anoreksia zimekuta insula na amigdala zikiitika tofauti na kwa wengine.

Kile kitulizo nacho ni mwalimu. Ubongo haujifunzi kwa raha peke yake, unajifunza pia kwa kuondokewa na maumivu. Kila ulipokataa na moyo ukatulia, ubongo uliandika: hii njia inafanya kazi. Ukiandikiwa hivyo mara tatu kwa siku kwa miezi, hakuna tena anayeamua.

Hili la mwisho wapo waliolichunguza. B. Timothy Walsh wa New York alileta hoja kwamba kujinyima huanza kama uamuzi wenye zawadi, sifa za watu, suruali kulegea, halafu kunageuka mazoea yanayojiendesha yenyewe hata zawadi ikiisha. Mwaka 2015 wenzake, Karin Foerde na Joanna Steinglass, wakawapa wanawake wenye anoreksia kazi ya kuchagua vyakula wakiwa ndani ya MRI. Sehemu ya juu ya striatamu, inayohusika na mazoea, ilihusika zaidi katika uchaguzi wao kuliko wa wanawake wenye afya. Na mawasiliano kati ya sehemu hiyo na gamba la mbele yaliendana na kiasi walichokula kwenye mlo wa kweli kesho yake. Hao walikuwa watu wazima, nawe ni wa miaka 17, lakini ulipoandika "nilishasahau ilianzaje" ndicho nilichokikumbuka.

Sasa umri. Gamba la mbele, ile breki na mizani, linaendelea kukomaa hadi miaka ya katikati ya 20. Sehemu za hamu na hofu zinakuwa moto mapema, mwanzoni mwa balehe. Kwa hiyo ujana ni kipindi ambacho ishara zinaita kwa nguvu na mizani bado haijakamilika. Wengi hudhani mtoto wa anoreksia ana kujizuia kwingi mno, na kwa nje ndivyo inavyoonekana. Mimi nadhani neno kujizuia linawapotosha wazazi, kwa sababu linafanya ionekane kama nguvu aliyonayo, kumbe ni nguvu iliyomshika.

Halafu kuna jambo zito ambalo naliandika polepole. Njaa ya muda mrefu hupunguza ubongo wenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi waliunganisha picha zao za MRI katika kundi linaloitwa ENIGMA, wakakuta kwa wenye anoreksia gamba la ubongo limekuwa jembamba kwa kiasi kikubwa, na kwa waliokuwa wameanza kurudisha uzito upungufu ulikuwa mdogo zaidi. Maana yake kwenye meza ya jioni ni hii: ubongo uliosinyaa kwa kukosa chakula ndio tunaouomba utafakari vizuri na kuamua kula. Tunamwuliza mgonjwa atoe dawa kutoka mfukoni mwake.

Ndiyo maana chakula kinatangulia na maelewano yanafuata. Mwanangu, kuna mtu mzima yeyote hapo ulipo anayejua? Mmoja tu. Sio lazima umweleze kama ulivyotueleza. Unaweza kumpa simu asome #5.

#7 BabaMapacha

Dada, mada yako imenigusa pabaya. Wangu ni wa kiume, miaka 16, mchezaji. Mchana hagusi kitu, anasema anajenga mwili. Usiku wa manane anamaliza kila kilichomo jokofuni, halafu nasikia bafuni maji yamefunguliwa kwa nguvu. Pacha wake ndiye aliyeniambia kinachofanyika humo.

Nimeweka kufuli jikoni. Mke wangu anasema nimekosea. Nimekosea?

#8 SumakuKubwa

Pole sana kaka. Sikulaumu, mzazi anayesikia maji yale usiku hufunga chochote kilicho karibu. Lakini mama yuko sahihi, na nitaeleza kwa nini.

Eric Stice, mtafiti wa Marekani ambaye amefanya kazi nyingi na wabalehe, alichapisha mwaka 2013 pamoja na wenzake utafiti kuhusu saa za kukaa bila kula. Kadiri vijana walivyokuwa wamekaa muda mrefu bila chakula, ndivyo sehemu za ubongo za umakini na hamu zilivyoitika kwa nguvu zaidi kwa chakula kitamu. Na hao walikuwa vijana wa kawaida tu. Sasa mchukue mwanao: tangu asubuhi ubongo unapandisha sauti, saa baada ya saa, na yeye anaukanyaga. Saa sita usiku breki imechoka, nyumba imelala, jokofu liko palepale. Kile kinachotokea usiku kimeanza kupikwa asubuhi.

Kisha giza lenyewe linageuka ishara. Pavlov tena. Ukimya wa nyumba, taa ya jokofu, kuwa peke yake, vyote vimeshafungamana na kula kule, vinauamsha ubongo kabla hata hajafikiria chakula. Kufuli linaongeza ishara moja juu ya zilizopo: linamwambia kwamba chakula ni kitu cha kufungiwa. Na njaa ya mchana inabaki vilevile.

Katika ule utafiti wa 2021 niliotaja, wanaokula kwa kufurika walielekea upande wa pili, mshtuko wao ulikuwa mdogo. Nachora hivi kichwani mwangu: kwa binti yangu kengele inalia kwa tone moja la sukari, kwa mwanao kengele imezoeshwa makelele hadi imepoa, na anahitaji kingi ili iitike. Huo ni mchoro wangu, msiubebe kama maneno ya watafiti.

Anachopitia mwanao kinafanana na bulimia, ugonjwa wa kula kwa kufurika kisha kujitapisha au kufunga ili kufidia. Ilielezwa kwa jina hilo na Gerald Russell wa Uingereza mwaka 1979, na tangu wakati huo tafiti nyingi zimewachukua wasichana. Wavulana wamepigwa picha chache sana. Hili linaniuma kwa sababu baba kama wewe akitafuta maelezo anakuta mtoto wake hayumo. Lakini yumo kaka, ugonjwa huu hauangalii jinsia, na kwa wavulana mara nyingi hujificha ndani ya maneno kama "kujenga mwili" na "nidhamu ya mchezo".

Matibabu ya kisaikolojia ya bulimia huanza na kitu kinachoonekana kidogo mno: kula kwa saa. Milo mitatu na vitafunwa katikati, yasipite masaa manne bila kitu, hata kama jana usiku alikula kufuru. Hasa kama alikula kufuru, maana kufunga kulipa deni ndiko kunakozaa usiku unaofuata. Mnalisha mchana ili usiku upoe. Na kwa sababu ya kutapika, aonwe na daktari wiki hii apimwe damu. Kutapika kunamaliza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kukosea mapigo.

#9 Takwimu_Tu

Mleta uzi nakuheshimu, ila picha za MRI zina mitego. Mashine haioni mawazo, inaona mabadiliko ya damu yenye oksijeni, na damu inachelewa sekunde kadhaa nyuma ya tukio. Makundi mengi ya tafiti hizi ni ya watu 20 au 30. Na "amigdala imewaka, kwa hiyo anaogopa" sio hitimisho halali, amigdala inawaka kwa mambo mengi. Mwaka 2020 timu 70 zilipewa data zilezile za ubongo zichambue, zikatoa majibu yanayopishana.

#10 SumakuKubwa

Uko sahihi mkuu, nakubali yote manne, na naifahamu hiyo ya timu 70. Pia mtu anapopigwa picha akiwa tayari amekonda huwezi kujua kirahisi kipi kilitangulia, ubongo ulikuwa hivyo kabla ya njaa au njaa ndiyo imeufanya hivyo. Ndiyo maana hakuna daktari anayempima mtoto anoreksia kwa MRI, na mtu akikuuzia kipimo hicho mkimbie. Utambuzi unafanywa kwa kuzungumza, kupima mwili na kumfuatilia.

Ninachokishika ni yale yanayoonekana kwa njia zaidi ya moja. Kwamba njaa inabadilisha namna chakula kinavyoonekana, Minnesota walilionyesha bila mashine yoyote. Kwamba kuna urithi ndani yake, uchunguzi wa jeni wa mwaka 2019 ulikuta maeneo 8 yanayohusiana na anoreksia, na urithi huo kwa ujumla ukaonekana kuhusiana na magonjwa ya akili na pia na namna mwili unavyotumia chakula. Hayo yananitosha kuacha kumwita mtoto mkaidi.

#11 NesiZamu

Naingia kwa dakika moja, niko zamu. Wazazi, msisubiri mtoto akonde ndipo mshtuke. Nimepokea watoto wenye miili mikubwa ambao mapigo ya moyo yalikuwa yameshuka vibaya kwa sababu walipungua haraka. Mtoto akizimia, akisikia maumivu ya kifua, moyo ukidunda taratibu mno au ovyo, akitapika mara kwa mara, akikataa hata maji, au akizungumzia kufa, hiyo ni hospitali leo, sio Jumatatu. Hedhi kukatika nayo mwambieni daktari.

Na ambaye amekaa muda mrefu bila kula asirundikiwe chakula ghafla nyumbani. Chumvi za damu zinaweza kuporomoka pale anapoanza kulishwa, hasa fosfeti, na inaua. Aanze kulishwa chini ya uangalizi.

#12 Mzee_Kifimbo

Nimesoma yote. Mimi nina mjukuu hapa nyumbani, ana miaka 13. Wiki iliyopita nilimwondolea sahani nikasema hatapewa hadi aombe mwenyewe. Hakuomba. Siku ya pili bibi yake ndiye aliyempelekea uji.

Nieleze, mezani mtu anakaaje?

#13 SumakuKubwa

Mzee wangu, asante kwa kurudi.

Nitaeleza tulivyofundishwa sisi, na wewe mpeleke kwanza akaonwe. Kuna matibabu ya kifamilia yaliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na kwa wabalehe wenye anoreksia ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Msingi wake ni kwamba kwa muda fulani wazazi wanabeba uamuzi wa chakula: nini, kiasi gani, saa ngapi. Mtoto akianza kupona anarudishiwa uamuzi huo kidogokidogo. Na ugonjwa unatengwa na mtoto. Nyumbani kwetu tuliacha kusema "hutaki kula" tukawa tunasema "ugonjwa unakuzuia, nami niko hapa".

Mezani hatubishani. Hili lilinishinda kwa wiki nyingi kwa sababu mimi ni mtu wa kueleza. Nilikuwa namletea hoja za lishe, naye ananijibu kwa hoja bora kuliko zangu, huku chakula kinapoa. Hofu haipungui kwa kushindwa hoja. Inapungua kwa kukaa mbele ya kinachoogopwa, kukila, na kuona kwamba dakika 40 baadaye hakuna kilichotokea. Ubongo haufuti lile somo la zamani, unaandika jipya juu yake, na jipya linahitaji kurudiwa mara nyingi sana, na watu tofauti, kwenye meza tofauti.

Kwa hiyo: unakaa naye, unakula naye. Sauti chini. Sentensi chache zilezile, "chukua kijiko kingine, niko hapa". Huzungumzii mwili wa mtu yeyote, wala wako mwenyewe, wala hata kumwambia amenawiri, kwa sababu sikio lake linatafsiri vingine. Akilia, analia, unabaki.

Jingine ni langu mwenyewe, nimelitoa kwenye ule utafiti wa sukari. Kama ubongo wake unashtuka kwa kila kisichotarajiwa, nikaona nipunguze visivyotarajiwa. Saa za kula zikawa hazibadiliki. Asubuhi namwambia jioni kutakuwa na nini, na sibadilishi. Sifichi kitu ndani ya chakula, kwa sababu akigundua mara moja tu, kila sahani baada ya hapo inakuwa mtego. Daktari wetu aliunga mkono. Simu pia tuliizungumza, maana ilikuwa imejaa picha za chakula na za miili, saa nzima ishara juu ya ishara. Hatukumnyang'anya, tulikaa naye tukafuta kurasa moja baada ya nyingine, nyingine alikataa tukaziacha.

Kuhusu lile la kuondoa sahani, mwambie samahani. Mimi nilimwambia wangu kuhusu kumtaja mama yake. Hakunijibu siku hiyo.

Ilichukua miezi mingi, na mwezi wa nne tulirudi nyuma hadi nikadhani tumeanza upya. Uzito ulirudi mapema kuliko hofu, na watu wakaanza kutuambia amepona wakati mimi nilikuwa naona mikono yake ikitetemeka chini ya meza. Sasa anakula. Keki ndiyo ilikuwa ya mwisho, ile aliyokuwa anatuokea. Siku hizi haoki sana. Kile kitabu cha mapishi nilikikuta kabatini juzi nikitafuta kitu kingine, kimefunikwa na vitabu vya shule.

#14 BabaMapacha

Nimetoa kufuli. Alhamisi saa 3 asubuhi tuna daktari. Pacha wake anakuja pia, ameomba mwenyewe.

#15 Mzee_Kifimbo

Nimemwambia. Amenyamaza, ila jioni amekaa mezani upande wangu.

#16 Kimya17

Nimempa mama simu. Amefika #6, nasikia ameacha kusoma kwa sauti. Niko mlangoni.